Wageni Wanane, Sufuria Moja

Kazi yangu ni kupika shughuli. Arusi, hitima, maulidi, kipaimara cha mtoto wa jirani: popote panapotakiwa sufuria lisilobebwa na mtu mmoja, hapa Tanga mjini wananijua. Ndiyo maana mtu akitaka kualika wenzake nyumbani hunipigia simu. "Mzee, nina wageni Jumamosi, njoo unisaidie." Namuuliza, wangapi? "Wanane." Hapo huwa nacheka. Watu wanane si shughuli. Watu wanane ni chakula cha usiku, nacho hakitaki mpishi wa kukodi, kinataka mwenye nyumba aliyekaa chini na wageni wake.

Tumezoea shughuli mpaka mwaliko wa kawaida umetutoka. Mtu akiwaza kuita marafiki, anaanza kuhesabu viti vya plastiki, turubai, spika, vyakula vya aina saba na kijana wa kupiga picha. Akijumlisha anaona mfuko hautoshi, anaahirisha hadi mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka ukifika, ada za shule za Januari hizo zinabisha hodi. Basi tunaishia kuonana misibani na arusini, na arusini kwenyewe huwezi kuzungumza na mtu, muziki unakufunika. Mimi ninayekula kwa shughuli ndiye ninayesema haya, kwa hiyo niaminini.

Kuna nyumba moja nilialikwa kula, si kupika. Mwenye nyumba, dada hodari kwelikweli, aliamua kwamba chapati lazima ziliwe za moto. Tulipofika alikuwa jikoni. Tulipokaa alikuwa jikoni. Sahani ya chapati inakuja, yeye anarudi. "Dada, njoo ukae nasi," tunamwita. "Nakuja, nyinyi kuleni, zitapoa!" Shemeji yake akaenda kumpokea kazi ya kugeuza, akafukuzwa. Mwishowe tukawa tunakula harakaharaka ili tumpunguzie mzigo, na hakuna aliyethubutu kuomba ya pili. Alipokuja kukaa, jasho linamtiririka, sisi tunanawa mikono. Chapati zilikuwa laini, za kuchambuka, sitawadanganya. Lakini kabla ya saa nne tulikuwa njiani, na yule dada hakujua hata kwamba mmoja wetu amehamishiwa Mwanza na alikuja kuaga.

Mgeni humtazama mwenyeji. Akimwona anahangaika, naye hakai sawasawa, anaona kama amekuja kumtesa mtu. Akimwona ameegemea mto anakunywa juisi, naye anavua viatu. Kwa hiyo swali la kwanza si "nipike nini kitamu?" Vitamu ni vingi. Swali ni "nipike nini kitakachonisubiri?"

Chapati hazisubiri. Bajia hazisubiri, viazi karai havisubiri, samaki wa kukaanga akipoa analegea ngozi na hadhi yake imekwisha. Hivyo ni vyakula vya familia, mnakaa karibu na jiko mnachukua kimoja kimoja. Vinavyosubiri ni pilau, mchuzi wa nyama, mbaazi za nazi, kuku wa kupaka. Vya nazi navyo vina sharti lake: tui zito lisiingie mapema likachemka saa nzima, litakatika, utabaki na mafuta juu na maji chini. Acha kitoweo kiive kwa tui jepesi, lile zito litie dakika za mwisho, likitokota mara moja epua.

Mimi huchagua pilau. Wapo watakaosema pilau ni ya arusi. Ni kweli, na ilichaguliwa kwa arusi kwa sababu hiyohiyo: inasubiri.

Kwa watu wanane chukua mchele kilo moja na robo na nyama ya ng'ombe yenye mfupa kidogo kilo moja na nusu. Nyama ichemshe mapema na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu hadi ilainike, na supu usiimwage hata tone, maana ndiyo itakayopikia mchele. Jioni katakata vitunguu maji vinne au vitano vikubwa, vyembamba, uvikaange polepole. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wana haraka. Rangi ya pilau haitoki kwenye viungo, inatoka kwenye vitunguu. Ukivitoa vikiwa vya manjano, unapata wali wenye harufu ya pilau. Ukiviunguza, uchungu hautoki hata utie sukari. Unavitaka vya kahawia iliyoiva, vimesinyaa, mafuta yameanza kujitenga pembeni ya sufuria, na jirani ameanza kuuliza nyumbani kwako kuna nini.

Hapo tia saumu na tangawizi ya kutwanga, kisha viungo: bizari nzima vijiko viwili vya chakula, nusu yake uitwange, iliki punje kumi hivi, karafuu sita, mdalasini vijiti viwili, pilipili manga kijiko cha chai. Nyama iingie, viazi viingie, supu iingie. Ikichemka, onja. Supu kabla ya mchele lazima iwe imezidi chumvi kidogo, mchele ukishainywa mambo yatakaa sawa. Mchele uwe umeoshwa na kurowekwa, na supu iwe kama vikombe viwili kasoro kwa kila kikombe cha mchele. Nasema "kama" kwa sababu mchele mpya hunywa kidogo kuliko uliokaa ghalani, muulize anayekuuzia. Halafu, nakuomba, mchele wa Kyela usiupikie pilau. Harufu yake ni mali, utaizika chini ya bizari na karafuu bure. Utunzie wali wa nazi.

Supu ikikaribia kukauka ndipo kazi ya mwisho. Punguza makaa chini yabaki machache, funika kwa mfuniko mzito wa bati, makaa mengine yapange juu ya mfuniko. Ndiyo kupalia. Moto wa juu unakausha mvuke, wa chini unaivisha taratibu, na pilau inaweza kukaa hivyo saa nzima ikiwa ya moto, punje moja moja. Chini patajishika ukoko, nao huo utagombaniwa na watu wazima wenye vyeo vyao. Anayepikia gesi aweke chuma cha chapati kati ya moto na sufuria, moto uwe wa chini kabisa, ataupata ubaridi wa roho huohuo. Lakini aupime mtungi wake tangu asubuhi kwa kuunyanyua. Gesi ina tabia ya kuisha siku ya wageni.

Ukishapalia, jikoni kumefungwa. Kaoge, uvae.

Kitu kimoja tu kinabaki, kachumbari, nacho nusu yake hufanywa mapema. Vitunguu vikatwe vyembamba kama uzi, vifikiche kwa chumvi kwa viganja hadi vilegee na kutoa povu, uvioshe mara mbili tatu mpaka maji yawe safi na ule ukali wa kutoa machozi uondoke. Nyanya na tango uzikate uziweke kando. Ndimu na chumvi visiguse kitu mpaka wageni wanakwenda kunawa. Ukitia mapema, nyanya zinaachia maji, na baada ya nusu saa una supu baridi ya nyanya. Pilipili mbuzi iweke kwenye kibakuli chake. Usimwamulie mtu mwingine ukali.

Pembeni ya pilau panakaa ndizi mbivu, achari ya ndimu au embe, na juisi ya ukwaju uliyoikamua jana. Baada ya chakula, machungwa. Sisi wa Tanga tuna bahati, Muheza iko jirani na machungwa yake hayahitaji kusifiwa na mimi. Hiyo ndiyo orodha yote. Ukianza kuongeza kuku wa kukaanga, sambusa, wali mweupe "kwa wasiokula pilau" na makaroni, umerudi kwenye shughuli, na utaiona saa sita ya usiku ukiwa na masufuria kumi ya kuosha.

Mpangilio huu, wali katikati na vidogovidogo pembeni, si wa juzi. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita pwani hii ya Afrika Mashariki mwaka 1331, na Mogadishu akapokewa kama mgeni wa sultani. Aliletewa kwanza tambuu, popoo na maji ya waridi. Kisha chakula: wali wa samli kwenye chano kikubwa cha mbao, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na embe. Alishangaa pia kuona mtu mmoja wa mji ule anakula sawa na kundi zima la wenzake yeye. Nikisoma orodha ile naona sinia ambalo bibi yangu angelitambua mara moja. Wali ni mmoja, na hakuna aliyemwona sultani bahili.

Sasa wageni wenyewe. Wanane ndio mwisho wangu, kwa sababu ya sinia: watu wanne wanalizunguka vizuri, wawili wawili wanatazamana, kila mkono unafika. Sinia mbili, watu wanane, mazungumzo bado ni mamoja. Wakifika kumi na wawili, utaona wanaume wamekwenda barazani na mpira wao, wanawake wamebaki ndani, na wewe unakimbia katikati. Usiwaite wote kutoka ofisi moja pia. Watamla bosi badala ya pilau. Changanya: jirani, mwenzako wa kazini, shemeji, na yule rafiki wa shule aliyehamia Chumbageni ambaye hamjaonana tangu msiba wa baba yake.

Piga simu. Ujumbe wa kundi la WhatsApp si mwaliko, ni tangazo. Ukipiga simu unapata nafasi ya kuuliza kwa upole, "Kuna kitu hutumii?" Mtu wa sukari atakwambia. Aliye kwenye Kwaresima na ameacha nyama atakwambia. Wa vidonda vya tumbo atakuomba usimpe pilipili, naye akifika ataikodolea macho. Kwa ajili yao pika sufuria dogo la mbaazi za nazi, liweke mezani pamoja na vingine bila kutangaza ni la nani. Hakuna kitu kinachomnyima mtu raha kama kuletewa sahani yake peke yake huku wote wanamtazama, "hii ya mgonjwa wetu." Na juisi itengeneze bila sukari, bakuli la sukari likae karibu.

Kuhusu saa, usiseme "jioni". Jioni ya Mtanzania inaanza alasiri na kuisha watu wakilala. Mimi nasema "baada ya Isha." Wanaoswali wanakuwa wameswali, wasioswali wanajua maana yake ni kama saa mbili, na foleni ya bodaboda imepungua. Atakayekuja mapema akute mkeka umetandikwa, kahawa na tende, na msala kama hajaswali. Atakayechelewa asipigiwe simu mara tatu. Pilau imepaliwa, haina haraka naye.

Siku hizi nyumba nyingi zina meza na makochi, na si vibaya, lakini mimi huyasukuma makochi ukutani nikatandika mkeka na mito. Mkekani hakuna kiti cha mkubwa wala cha mdogo, na watoto wanapata pa kujipenyeza. Mzee mwenye magoti mabovu mpe kiti na stuli mapema, kabla hajajaribu kukaa chini akashindwa mbele za watu. Vijiko viwepo, vikae palepale, anayetaka achukue. Na tangu korona ya mwaka 2020 wapo wasiopenda tena kuchangia sinia. Wape sahani bila kuuliza sababu.

Kunawa mikono ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na naona inapotea, watu wanaelekezwa tu bomba lilipo. Mtoto wa nyumba abebe birika la maji ya vuguvugu, bakuli na taulo begani, aanze kwa mkubwa wa umri, amwagie taratibu, amalizie kwa baba au mama yake. Mgeni anamuuliza jina, darasa la ngapi, unataka kuwa nani. Mtoto anaona haya, watu wanacheka, na usiku umeanza. Mtoto huyo ndiye atakayekukumbusha nani hajapata sabuni.

Televisheni zima. Najua Simba na Yanga wapo, basi alika siku wasiyocheza. Umeme nao ukikatika usijiumize kuomba radhi mara kumi, si wewe uliyeukata. Uwe na taa ya kuchaji iliyojaa, iweke katikati ya mkeka, hadithi zitanoga zaidi.

Mkianza kula, finyango nzuri msogezee mgeni mara moja, kisha muache. Kuna wenyeji wanaolazimisha: "Hujala! Umekula nini wewe? Ongeza, utaniudhi!" Mtu ameshiba anakula kwa hofu. Akisema alhamdulillahi, au ahsante nimeshiba, mkaribishe tena kidogo kwa adabu, halafu yaishe. Na mgeni akitaka kusaidia, mpe kazi. Yule shemeji aliyefukuzwa jikoni angepewa machungwa ya kumenya, angejiona wa nyumbani. Kazi ya kumenya machungwa ina siri nyingine: mikono ikiwa na shughuli, ulimi unalegea. Mambo mazito ya watu nimeyasikia wakati wa machungwa, si wakati wa pilau.

Neno la kazi yangu, na hapa sitanii. Nimesema pilau inasubiri, lakini inasubiri juu ya moto. Chakula cha moto kikiachwa kikawa vuguvugu, hesabu imeanza. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na joto la kawaida la Tanga mwezi Februari si mchezo. Wali una kijidudu chake ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemsha. Wali ukibaki vuguvugu kinaamka, kinazaana, na kinaacha sumu ambayo hata ukipasha moto asubuhi haitoki. Kwa hiyo kile mlichoacha usikifunike kwa kawa mpaka asubuhi kama walivyofanya wazee. Tandaza kwenye sinia kipoe haraka, kiingie kwenye friji usiku huohuo. Vya nazi hivyohivyo. Huna friji? Wafungashie wageni chakula kikiwa bado hakijakaa muda mrefu, waambie wale usiku huo au wasile.

Kahawa ije mwisho, chungu, kwa vikombe vidogo, na kipande cha halua au kashata. Kahawa inawaambia watu kwamba chakula kimekwisha lakini usiku bado, na kila mtu anaondoka kwa wakati wake. Anayesema "nakwenda" mara ya kwanza bado hajaondoka, mwenye haraka ya kweli atasema huku amevaa viatu. Msindikize mpaka nje, mpaka bodaboda ipatikane, maana kuna habari ambazo watu huzitoa wakiwa wamesimama langoni tu. Vyombo havitakimbia. Roweka masinia, kalale.

Kama hujawahi kualika mtu, anza na wanne. Mchele kilo kasorobo utawatosha, nyama kilo moja, na mkeka ulionao usiukodie mwingine. Usisubiri makochi mapya wala nyumba ipakwe rangi. Piga simu leo, kabla kadi ya mchango wa arusi ya mtu haijaichukua Jumamosi yao.